Namna ya kusoma misimu (maneno ya mtaani) ya zamani kwenye mashairi ya kejeli ya Kiingereza

Jumamosi moja hapa Arusha nilikuwa na vijana wangu sita wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), tuisheni ya kawaida tu barazani kwangu Sakina, tukafika kwenye shairi la Samuel Butler linaloitwa Hudibras, la mwaka 1663, pale mwanzoni anaposema watu walipigana kama vichaa au walevi, "For Dame Religion, as for punk". Nikauliza, punk ni nini? Wakajibu kwa pamoja: ule muziki wa magitaa mwalimu, wale wazungu wa nywele zilizosimama. Hakuna hata mmoja aliyefungua kamusi. Na kwenye mstari wa kwanza kabisa kuna neno "dudgeon", hilo walilitafuta bila hata kuambiwa maana ni geni, linatisha, ila punk wakalipita kama wanavyopita mnara wa saa kila siku bila kuangalia ni saa ngapi.

Punk kwenye Kiingereza cha karne ya 17 ni kahaba. Sasa rudi kwenye mstari uone unavyobadilika: Butler anasema walipigania dini kama wanaume wanavyopigana kilabuni wakigombea malaya. Hiyo ndo kejeli yenyewe, na ukiweka magitaa pale shairi linakufa hapohapo.

Tangu siku hiyo nafundisha kitu kimoja kabla ya vingine vyote, na ndo nataka na wewe ukishike kama unasoma haya mashairi kwa ajili ya mtihani au kwa kupenda tu. Neno usilolijua halina shida, litakusimamisha lenyewe. Linalokudanganya ni lile unalolijua, kwa sababu halikupi sababu ya kusimama. Fikiria mtu wa miaka 200 ijayo anasoma mashairi ya chalii wa Ngarenaro, anakuta "jamaa kaingizwa mjini kapigwa buku tano", anafungua kamusi anaona mjini ni mjini na buku ni yule panya mkubwa, anaandika kwamba mtu alipelekwa mjini akapigwa na panya watano. Kila neno kalipata kwenye kamusi na bado hajaelewa kitu, maana jamaa katapeliwa elfu tano.

Kwa hiyo kabla ya kamusi anza na mwaka, na nani anachekwa. Mashairi ya kejeli yana mtu anayepigwa, usipomjua misimu haina pa kutua. Hudibras ni shujaa wa kichekesho, mpuriti, yaani Mprotestanti wa msimamo mkali, mwenye kujiona mtakatifu, anazunguka na farasi na msaidizi wake Ralpho kurekebisha tabia za wenzake. Uingereza ilitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1642 mpaka 1651, mfalme kakatwa kichwa 1649, wapuriti wametawala, halafu 1660 mfalme mwingine karudi, na Butler anaandika wakati upande ulioshinda unataka kuwacheka walioshindwa. Ukishajua hivyo unajua kwa nini katumia neno chafu karibu na neno dini, anaivua ile vita kanzu yake. Hii haichukui zaidi ya dakika kumi kuitafuta, usiiruke.

Halafu soma shairi zima mara moja bila kamusi, na penseli mkononi. Maneno mageni usiyapigie mstari, hayo yatajitokeza tu. Pigia mstari maneno ya KAWAIDA ambayo yamekaa mahali yasipofaa. Hii inataka mazoezi, ntakupa mfano.

Jonathan Swift, yule padri wa Dublin, aliandika kwenye miaka ya 1720 shairi la mwizi anaitwa Tom Clinch anapelekwa kunyongwa. Wakati ule mfungwa wa London alitolewa gereza la Newgate akapandishwa mkokoteni, akapitishwa barabara ya Holborn watu wamejaa wanaangalia, mpaka Tyburn kwenye mti wa kunyongea, na hayo yaliendelea mpaka 1783. Tom anapita kwa madaha, anasimama "the George" kuchukua "a bottle of sack" na kuahidi kwamba atalipa akirudi. Binti mmoja kwenye darasa langu akasema George ni rafiki yake na sack ni gunia. Nikamwambia haya, chupa ya gunia inakuwaje? Akanyamaza, akasoma tena, akasema hapana, hii lazima iwe ya kunywa. Hajagusa kamusi bado! Ndivyo inavyotakiwa, chupa ndo imemsimamisha. Sack ni mvinyo mweupe uliokuwa unaletwa kutoka Hispania na visiwa vya Canary, na the George ni jina la baa, kama sisi tunavyosema nimempitia pale kwa Mangi. Na ukishalielewa hilo ndo unasikia uchungu wa utani wenyewe, mtu anakopa pombe njiani kwenda kufa. Shairi hilohilo linasema anaenda kufa "in his calling", na calling wanafunzi huelewa wito, kama wito wa upadri, na wako sahihi, ila Swift anaiita kazi ya wizi wito na kunyongwa ndo mwisho wa ajira.

Maneno mengine ya kawaida ya kuyaogopa: "nunnery" kwenye mashairi ya mjini mara nyingi sio nyumba ya masista, ni danguro, na "abbess" ni mama mwenye danguro. "Conversation" inaweza kuwa mazungumzo na inaweza kuwa kulala na mtu. "Nice" ya zamani inaweza kuwa mtu mwenye madoido ya kuchagua-chagua. Na "bubble" kabla ya kuwa povu la biashara ilishakuwa mtu aliyetapeliwa, ipo kwenye orodha ya maneno ya mtaani ambayo Thomas Shadwell aliichapisha pamoja na tamthilia yake mwaka 1688, kwa hiyo kampuni ya South Sea ilipoanguka 1720 na watu wakafilisika, washairi walikuwa na neno moja linalobeba povu, udanganyifu na mjinga aliyedanganywa kwa wakati mmoja, wakalitumia vilivyo.

Sasa kamusi. Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wanafungua kamusi ya simu ya leo, au wanaenda kwa Samuel Johnson wa 1755 kwa sababu ana jina kubwa. Johnson ni mkubwa kweli ila maneno ya mtaani mengi aliyaacha, na aliyoyaweka mara nyingi aliyagonga muhuri kwamba ni ya chini. Wewe unamtaka Francis Grose. Huyu alikuwa mwanajeshi na mpenda mambo ya kale, rafiki wa mshairi Robert Burns, na mwaka 1785 akatoa kamusi ya lugha ya wahuni, wezi, wanajeshi na wachuuzi. Ikatolewa tena na kuongezwa, na toleo la 1811 lipo bure kwenye Project Gutenberg, ni maandishi matupu halimalizi bando, pakua ukae nalo. Kwa mashairi ya karibu 1700 kuna kamusi ndogo ya mtu aliyejiita B. E. tu, ya mwishoni mwa miaka ya 1690. Kwa yale ya miaka ya 1810 na 1820 kuna orodha ya James Hardy Vaux, na huyu nampenda kuliko wote, kwa sababu hakuwa msomi anayechungulia, alikuwa mwizi mwenyewe, kahamishwa Australia kama mfungwa mara tatu, na orodha aliiandika hukohuko mwaka 1812. Anakueleza neno kama fundi anavyokueleza spana.

Kanuni yangu ni kamusi iliyo karibu zaidi na mwaka wa shairi, na ukiweza chukua moja kabla na moja baada. Ila usiiamini kamusi kama msahafu. Hawa jamaa walinakiliana sana. Thomas Harman aliorodhesha maneno ya ombaomba mwaka 1567 na maneno yaleyale utayakuta kwenye vitabu vya miaka 200 baadaye wakati mtaani huenda yalishakufa zamani. Neno kuwa kwenye kamusi sio ushahidi kwamba watu walikuwa wanalisema mwaka huo, ushahidi ni kuliona linatumika. Kwa hilo nenda kwenye kamusi ya Jonathon Green, ipo mtandaoni na kutafuta ni bure, kila neno lina mifano na miaka yake, unaona lilipozaliwa, lilipogeuka na lilipolala.

Na yanageuka kweli. "Rum" kwenye lugha ya wezi ilikuwa nzuri, safi, ya hadhi, na "queer" ilikuwa mbovu, ya bandia. Grose ana "rum mort", malkia au mwanamke mkubwa, na "queer mort", mwanamke mwenye ugonjwa wa zinaa, tofauti ni hilo neno la mbele tu. Baadaye rum ikaanza kumaanisha ya ajabu, ya kutiliwa shaka, yaani ikahamia upande wa pili kabisa. Ukitumia maana ya 1850 kwenye shairi la 1700 umemtukana mtu aliyekuwa anasifiwa.

Sasa tufanye kazi pamoja kwenye ubeti mmoja, maana kueleza tu hakutoshi. Lord Byron, Don Juan, sehemu ya kumi na moja, 1823. Juan ndo anafika London, yuko Shooter's Hill anaisifia Uingereza kwa uhuru na usalama wake, wakati huohuo majambazi wanamtokea na kisu, anampiga mmoja risasi. Anayekufa anaitwa Tom. Byron anamuombolezea, na badala ya kumuombolezea kwa lugha ya maombolezo anatumia lugha ya Tom mwenyewe. Anauliza, nani kama Tom kwa "booze in the ken", na "who queer a flat", na nani kama yeye akiwa na Sal, "his blowing".

Anza na flat. Leo flat ni nyumba ya ghorofa au kitu bapa. Grose anasema flat ni "bubble", na wewe sasa bubble unaijua, ni mtu wa kutapeliwa. Kinyume chake ni "sharp", mjanja. Queer hapa imekuwa kitendo, kumharibia. Kwa hiyo "queer a flat" ni kumuingiza boya mjini, na sioni namna nzuri zaidi ya kuisema, Kiswahili cha kitaa kimeipokea kama kilikuwa kinaisubiri. Ken ni nyumba, hasa ya watu wa aina hiyo, basi "booze in the ken" ni kupiga mtungi maskani. Blowing ni lilelile neno ambalo kamusi ya 1811 inaliandika "blowen", mpenzi wa "gentleman of the scamp", na ukifuatilia scamp unakuta ni unyang'anyi wa barabarani, yaani sio demu tu, ni demu wa jambazi wa barabarani, na Tom ndo hiyo kazi yake. Kwenye ubeti huohuo kuna "high toby", wizi wa barabara kuu juu ya farasi. Na Bow Street anayoitaja ni mahakama ya London iliyokuwa na askari wake wa kukamata wezi, walianzishwa na Henry Fielding 1749.

Hapo maneno yote tumeyapata ila bado hatujamaliza, na hapa ndo wanafunzi wengi wanaweka kalamu chini mapema. Uliza nani mwingine alikuwa anaongea hivi. Wakati ule vijana matajiri wa London walikuwa wanaona sifa kuongea kama wezi, waliipata kwenye mapigano ya ngumi na mbio za farasi, na Byron mwenyewe ni lord aliyefundishwa ngumi na bingwa John Jackson. Kwenye maelezo yake chini ya ubeti anasema hakuna haja ya kutafsiri, kwa sababu ni Kiingereza safi kinachosemwa na "select mobility", yaani wahuni wateule, na wakubwa wanaowafadhili. Kwa hiyo anayechekwa sio Tom. Tom anaombolezwa kweli. Wanaochekwa ni waheshimiwa waliokariri lugha ya mtu wanayemnyonga. Tuliona hili jambo kwenye mitaa yetu pia, mtoto wa Njiro kwenye gari la baba yake anaongea kama chalii wa Unga Limited, vijana wangu walilielewa sekunde hiyohiyo bila mimi kuongeza neno.

Kuhusu kutumia lugha ya kitaa kutafsiri, nina msimamo. Itumie kwenye rasimu, ikusaidie kusikia joto la neno, lakini kwenye jibu la mtihani au makala andika Kiswahili cha wazi, "kumtapeli mjinga", kwa sababu boya na demu na maskani nazo zina umri wake na mahali pake, kesho kutwa mtu wa Lindi au mtoto wa miaka kumi ijayo atahitaji kamusi kukuelewa wewe.

Hela nazo ziangalie kwa makini, zinakusaidia kujua tarehe. Sisi tuna daladala, na neno linatokana na dala, ile sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli, sarafu hailipi tena nauli popote ila gari la Kijenge bado linaitwa hivyo. Wao kwenye ile orodha ya Shadwell ya 1688 wana "meggs" kwa guinea, sarafu ya dhahabu, "smelts" kwa nusu guinea, na "decus" kwa sarafu ya crown, kwa sababu pembeni ya sarafu palikuwa pamechongwa maneno ya Kilatini decus et tutamen. Guinea yenyewe ilianza kutengenezwa 1663, kwa hiyo msimu wa guinea hauwezi kuwa wa kabla ya hapo, na ukiukuta kwenye shairi linalodaiwa kuwa la 1600 ujue kuna mtu kadanganya. "Hog" ni shilingi. Ukikuta mtu anadaiwa nguruwe wawili baa, sio mfugaji.

Vitu vya uchapaji nitavipitia haraka. Vitabu vya kabla ya karibu 1800 vina herufi s ndefu inayofanana na f, kompyuta inaisoma vibaya, kwa hiyo ukitafuta "sack" kwenye vitabu vilivyoskaniwa na hukuti kitu, andika "fack" utashangaa. Majina ya wakubwa yanakatwa kwa mstari, W halafu mstari halafu le, huyo ni Walpole waziri mkuu, walifanya hivyo kukwepa kesi, hivyo ukiona mstari usidhani ni tusi limefutwa, huenda ni waziri.

Vina pia vinasema. Alexander Pope kwenye The Rape of the Lock anamtaja malkia Anne ambaye falme tatu zinam-"obey", halafu mstari unaofuata unaishia kwa "tea", na ni kina safi kabisa, maana wakati ule tea ilitamkwa "tei". Ukisoma kwa matamshi ya leo kina kinavunjika na unamlaumu Pope bure. Kila kina kinapokataa, jaribu kwanza sauti ya zamani, maana mafumbo mengine ya maneno yamejificha humohumo kwenye sauti.

Usikate tamaa pia ukikutana na neno ambalo halifanani na kitu chochote. Kuna misimu iliyotengenezwa kwa kugeuza. Wachuuzi wa London ambao Henry Mayhew aliwaandika 1851 walisema "yenep" kwa penny na "top o' reeb" kwa pot of beer. Sisi wa pwani na bara tuliocheza kinyume utotoni, mbanyu kwa nyumba, jima kwa maji, tunalifungua hilo haraka kuliko mtu asiyecheza. Lisome kutoka nyuma kabla hujaenda popote.

Jambo la matusi linataka moyo. Mengi ya mashairi haya ni machafu, Earl of Rochester ana mengine siyaleti mbele ya watoto wa watu hata wakiniomba, na sio kwamba hayana ubora. Ila hata kwenye yale yanayofundishika angalia mzaha unamlalia nani. Nilirudi kwenye ule mstari wa punk na darasa langu nikawauliza, kwenye huu utani yupo mtu ambaye hakuulizwa? Binti mmoja akasema huyo mwanamke. Butler anawapiga wapuriti, lakini fimbo aliyotumia ni mwanamke maskini wa London, na hivyohivyo "blowen" na "queer mort" na wengine wote, wanatajwa kwa ajili ya kumchafua mwanaume fulani. Lazima useme maana ya neno kwa ukamilifu, usilipambe, useme pia lilimuumiza nani. Mwanafunzi anayejua hivyo anasoma shairi kwa macho mawili.

Tengeneza daftari. Mimi nina la kaunta kubwa, kila neno nalipa nafasi: mstari kamili, mwaka, nilidhani nini kabla ya kutafuta, kamusi ipi imesema nini, nani anaongea na nani anachekwa. Ile sehemu ya nilidhani nini usiifute hata ukikosea vibaya, maana baada ya miezi unaanza kuona aina ya maneno yanayokudanganya wewe. Mimi yalikuwa ya dini, nilikuwa nayaamini yote kwa sura.

Ukimaliza haya yote jipime na W. E. Henley, mshairi wa mwisho wa karne ya 19 ambaye yeye mwenyewe alishiriki kutunga kamusi kubwa ya misimu. Alichukua shairi la François Villon, Mfaransa wa karne ya 15, akaligeuza lote kwa lugha ya wezi wa London. Mwizi atafute hela kwa njia yoyote, mwisho wa kila ubeti ni uleule: "Booze and the blowens cop the lot." Booze unaijua, blowens umetoka nayo kwa Byron. Nilipowapa vijana wangu huo mstari, watano wakaandika polisi, pombe na wanawake na polisi, kwa sababu cop wanaijua kwenye muvi. Mmoja tu, yuleyule wa chupa ya gunia, alipiga mstari chini ya cop akaenda kutafuta, akakuta ni kukamata, kuchukua, na kwamba polisi walipata jina kutoka kwenye kitendo hicho na sio kinyume chake. Akaandika: pombe na mademu wanakomba zote.